Nyaya za kabati la gemu: fungu la JAMMA la dukani, enkoda ya USB, au ujisukie mwenyewe?

Ukitengeneza kabati la gemu hapa Kisumu, sehemu nyingi hazitakusumbua. Maseremala wa jua kali wanajua kupasua plaiwudi kwa kipimo, skrini za kompyuta zilizotumika zinapatikana, na vitufe na vifimbo vya kuchezea unaviagiza mtandaoni vikakufikia. Kazi inayoamua kama kabati litadumu ni ile isiyoonekana: fungu la nyaya linalounganisha vitufe, bodi (sahani ya saketi inayoendesha gemu), spika na pawa saplai. Hapo ndipo wengi huchagua haraka haraka, macho yakiwa kwenye bei tu.

Mimi naanza na swali jingine kabla ya bei. Kitufe kikifa Jumamosi jioni, ukumbi umejaa, na aliyefunga nyaya yuko Eldoret, je, fundi mwingine ataweza kufungua mlango wa nyuma, akaelewa kila waya unakwenda wapi, akatengeneza kwa vitu vinavyouzwa mjini? Kwa kabati la biashara, jibu lake ni mapato ya wikendi nzima. Kwa kabati la sebuleni uzito wake ni mdogo, kwa sababu mwenye kabati na fundi ni mtu mmoja.

Kwa hiyo niseme msimamo wangu mapema. Mwenye biashara ajisukie fungu lake, au alipe fundi alisuke kwa vipimo vya kabati lake. Wa nyumbani achukue enkoda ya USB, yaani bodi ndogo ya kupeleka mibofyo ya vitufe kwenye kompyuta, na asijichoshe. Fungu la JAMMA lililo tayari ni la mtu aliye na bodi ya gemu yenye mpangilio wa pini wa JAMMA mkononi, na hata huyo ataongeza nyaya zake mahali pawili au patatu. Sababu ni hizi.

Fungu la JAMMA lililo tayari

JAMMA ni kifupi cha jina la chama cha watengenezaji wa mashine za burudani wa Japani. Mpangilio wao wa pini ulianza kutumika 1985, na tangu hapo kampuni mbalimbali zimetengeneza bodi zinazoingia kwenye konekta ileile. Konekta ina pini 56, yaani 28 kila upande, na kutoka pini hadi pini ni milimita 3.96. Upande wa vijenzi, yaani wenye chipu, pini zina namba 1 hadi 28. Upande wa pili zina herufi kuanzia A kubwa hadi f ndogo, na herufi G, I, O na Q zimerukwa ili zisichanganye macho. Nafasi ya 7 na H huachwa kwa kizuizi kidogo cha plastiki kinachozuia bodi isiingizwe kichwa chini. Kizuizi hicho kikikosekana kwenye konekta uliyonunua, kitie kabla ya kitu kingine chochote. Bodi ikiingia kinyume, umeme unapita pasipostahili.

Sifa kubwa ya JAMMA ni kwamba mchoro wake unajulikana dunia nzima. Fundi wa Nakuru ambaye hajawahi kuona kabati lako atajua kwamba 12 ni rangi nyekundu ya picha, N ni kijani, 13 ni bluu na P ni sinki (ishara ya kuipanga picha kwenye skrini). Atajua kwamba 17 ni kitufe cha kuanza cha mchezaji wa kwanza na U ni cha wa pili. Kwa swali langu la Jumamosi jioni, hilo ni jibu zuri sana.

Kasoro ziko mbili. Ya kwanza ni idadi ya vitufe. Mpangilio wa awali unampa kila mchezaji kifimbo na vitufe vitatu, basi. Street Fighter II ya Capcom, iliyotoka 1991, ina vitufe sita, vitatu vya ngumi na vitatu vya teke, na hivi vya teke hupitia konekta ya ziada kwenye bodi yenyewe. Fungu la kawaida halina nyaya hizo, kwa hiyo utazisuka wewe, upende usipende.

Kasoro ya pili ndiyo inayowatesa watu bila kuijua: wembamba wa nyaya za volti 5. Chukua bodi inayokula ampea 3. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.33 una ukinzani wa takriban omu 0.053 kwa kila mita. Pawa saplai ikiwa mita 1.5 kutoka kwenye bodi, umeme husafiri mita 3 kwenda na kurudi, na karibu nusu volti hupotelea njiani. Bodi inapata 4.5, na chipu za zama zile zinataka isipungue 4.75. Hapo ndipo gemu inapojizima na kuanza upya katikati ya pambano, na bodi nzima inapewa lawama isizostahili. Badilisha waya huo kwa wa milimita mraba 1.5 wenye nyuzi nyingi, na kinachopotea kinashuka hadi karibu volti 0.1.

Kuna wanaotibu tatizo hilo kwa kupandisha volti kwa skrubu ya pawa saplai hadi bodi iridhike. Nawasihi mwache. Ukija kuweka bodi nyingine inayokula umeme kidogo, upotevu wa njiani unapungua na bodi mpya inapokea volti nyingi kupita kiasi. Dawa ni waya mnene na kutumia pini zote zilizotengwa: 3, 4, C na D kwa volti 5, na 1, 2, A, B, 27, 28, e na f kwa graundi, yaani njia ya umeme kurudi. Mafungu mengine ya bei nafuu huacha baadhi ya pini hizi zikiwa tupu. Hesabu kabla hujalipa. Na pima volti kwenye bodi yenyewe, kwa sababu kipimo cha mdomoni mwa pawa saplai hakionyeshi kilichopotea njiani.

Jambo moja zaidi la JAMMA ambalo watu wa kwetu wangelipenda kama wangelijua: pini R, inayoitwa ya huduma, huongeza mchezo bila sarafu kupita. Iunganishe na swichi ya ufunguo karibu na mhudumu. Mteja akilipa kwa M-Pesa, mhudumu anazungusha ufunguo na mchezo unaingia.

Enkoda ya USB na nyaya zake

Enkoda ni bodi ndogo inayogeuza mibofyo ya vitufe kuwa ishara ambazo kompyuta, au ile kompyuta ndogo ya bodi moja iitwayo Raspberry Pi, inazielewa. Zile za bei nafuu huja na mfuko wa nyaya: kila kitufe kina waya wake wa jozi, upande mmoja plagi nyeupe ya kuchomeka kwenye enkoda, upande mwingine vichwa viwili bapa vya kuvisha kwenye kitufe. Huhitaji chuma cha kulehemu wala koleo. Mtoto wa darasa la nane anaweza kulimaliza kabati kwa mchana mmoja, na litacheza.

Kwa nyumbani, hiyo inatosha. Kwa biashara natazama mambo matatu. Nyaya zile hukatwa kwa urefu mmoja, kwa hiyo kitufe cha karibu kinabaki na waya wa ziada unaozagaa, na cha mbali kinavutwa hadi plagi inalegea. Rangi nazo hurudiwarudiwa kwenye kila jozi, kwa hiyo fundi mgeni hapati msaada wa macho. Tena enkoda moja ni ya mchezaji mmoja. Ukiweka mbili zinazofanana, kompyuta haina namna ya kuzitofautisha kwa jina, na ukichomoa USB ukarudisha kwenye tundu jingine unaweza kumkuta mchezaji wa kwanza amekuwa wa pili. Weka alama ya rangi kwenye plagi na kwenye tundu lake.

Enkoda zenye skrubu, kama I-PAC 2 ya Ultimarc ya Uingereza, ni daraja jingine kabisa. Ina matundu 32, inatosha wachezaji wawili, na kompyuta huiona kama kibodi moja. Skrubu inakubali waya wowote uliokatwa kwa kipimo chako. Kwa kweli, anayenunua enkoda ya skrubu ameshaingia kwenye njia ya kujisukia, na mimi nampongeza.

Kuhusu kuunganisha vitufe moja kwa moja kwenye pini za Raspberry Pi, nitasema machache. Inawezekana. Kati ya pini zake 40, kuna 26 za kazi za jumla, na wachezaji wawili wenye vitufe sita, kifimbo, kitufe cha kuanza na sarafu wanatumia 24. Lakini pini hizo ni za volti 3.3 tu, hazivumilii hata volti 5. Waya mmoja wa sarafu wa volti 12 ukigusa penye kosa, Pi imekwenda. Kwa kabati litakalofunguliwa na mikono ya watu tofauti, njia hii siipendekezi hata kidogo.

Fungu la kujisukia

Hapa ndipo penye kazi na ndipo penye raha. Faida yake ni kwamba kila uamuzi ni wako: urefu, unene, rangi, mahali pa kufungulia. Hasara ni kwamba uamuzi mbaya nao ni wako.

Tuanze na waya wenyewe. Wengi hukimbilia vipande vya kebo ya intaneti vinavyobaki kwa mafundi wa mitandao, maana ni vya bure au karibu na bure na vina rangi nane. Umeme wa kitufe ni mdogo sana, miliampea chache tu, kwa hiyo kwa umeme waya huo unatosha kabisa. Tatizo lake ni mwili. Kebo hiyo kwa kawaida ni ya uzi mmoja mnene wa shaba, na uzi mmoja ukikunjwa mara kwa mara hukatika ndani ya ngozi yake, pasipoonekana. Kabati la biashara linapakiwa kwenye tuktuk au pikapu kupelekwa sherehe ya Kondele, kisha Maseno, kisha linarudi, na paneli yake inafunguliwa kila kitufe kinapobadilishwa. Waya wa nyuzi nyingi unaouzwa kwa mita katika maduka ya spea za magari ni ghali kidogo, lakini unapinda bila kulalamika. Kati ya hivyo viwili sioni sababu ya kubahatisha: kebo ya intaneti kwa kabati lisilohama, waya wa gari kwa linalohama.

Ila duka hilohilo la spea lina mtego. Vichwa bapa vya kubana vinavyotumika kwenye magari kwa kawaida ni vya upana wa milimita 6.3. Swichi ndogo za vitufe vya mtindo wa Marekani zinataka 4.8, na vitufe vya mtindo wa Japani kama vya Sanwa vinataka 2.8. Kichwa cha 6.3 ukikivisha kwenye ulimi wa 4.8 kinaingia na kushika kidogo, kisha kinachomoka chenyewe. Kukibana kwa koleo ili kikaze ni kujidanganya. Agiza vichwa vya kipimo sahihi pamoja na vitufe vyako, na ongeza robo zaidi ya idadi unayohitaji, kwa sababu hivi ndivyo usivyoweza kuvipata mjini saa ile unapovihitaji.

Kubana au kulehemu? Mafundi wetu wengi wa redio na simu wana mkono mzuri wa risasi, na hupenda kulehemu waya moja kwa moja kwenye ulimi wa swichi. Kiungo kinakuwa imara kweli. Ila risasi hupanda kidogo ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapokutana na ulaini ndipo waya hukatikia mtikisiko ukizidi. Tena kitufe kikichoka, kukibadilisha kunataka chuma cha moto, stima, na mtu anayejua. Kichwa kilichobanwa vizuri kinachomolewa kwa vidole. Kwenye vitufe nachagua kubana bila kusita. Kwenye konekta ya JAMMA, ambako waya hautaguswa tena, kulehemu ni sawa, mradi kila kiungo kivishwe mpira wa kusinyaa na fungu lishikwe na kibano cha plastiki karibu na hapo ili uzito wake usining'inie kwenye viungo.

Graundi ya vitufe haihitaji waya mmoja kwa kila kitufe. Waya mmoja hupita kitufe hadi kitufe, ukigusa vyote. Lakini usiuache uishie kwenye kitufe cha mwisho. Urudishe hadi ulikoanzia, uwe duara. Waya ukikatika mahali pamoja, vitufe vyote bado vinapata graundi kwa upande wa pili. Katika mnyororo wa kawaida, mkato mmoja unaua vitufe vyote vilivyo mbele yake. Senti kumi za waya zinakuokolea usiku mzima wa biashara.

Paneli ya vitufe iwe na mahali pa kutenganisha. Wachezaji wawili wenye vitufe sita, kifimbo, kitufe cha kuanza na cha sarafu ni nyaya 24 za ishara, ongeza graundi, zimekuwa 25. Na konekta ya pini 25, ile ya printa za zamani, bado inapatikana kwa mafundi wa kompyuta: ina skrubu mbili za kuifunga isichomoke, na haiingii kinyume. Nunua zile za kulehemu, ya kiume na ya kike. Ukiamua kutumia kebo ya printa iliyo tayari, ipime pini kwa pini, kwa kuwa baadhi ya kebo hizo hazina nyaya zote 25 ndani. Paneli ikiharibika, unaitoa nzima, unaiweka ya akiba, na mchezo unaendelea.

Rangi, na kwa nini zinaweza kuua bodi

Kwa hili ningependa kila mwenye kabati asome polepole. Fundi atakayeitwa kutengeneza anaweza kutoka fani yoyote kati ya tatu. Fundi wa kompyuta amezoea pawa saplai ambako nyekundu ni volti 5, njano ni volti 12 na nyeusi ni graundi. Fundi wa magari anajua nyekundu ni volti 12 za betri. Fundi wa nyumba aliyefunga nyaya za zamani anajua nyekundu ni stima ya 240 na nyeusi ni nyutro. Wote watatu wanafanya kazi kwa uaminifu, na mmoja wao akifuata mazoea yake ndani ya kabati lako anaweza kupeleka volti 12 mahali pa 5.

Mimi hushauri kufuata rangi za kompyuta, kwa sababu pawa saplai yenyewe mara nyingi ni ya kompyuta na nyaya zake tayari zina rangi hizo. Kisha bandika karatasi ndani ya mlango inayosema hivyo kwa maneno, kwa kalamu isiyofutika. Nyaya za 240 zisitembee ndani ya fungu moja na za vitufe. Zipite upande wao, na ethi ifungwe kwenye kila chuma anachoweza kukigusa mchezaji: paneli, mlango wa sarafu, fremu ya skrini. Plagi iwe na fyuzi ya ampea 3, badala ya ile ya 13 iliyokuja nayo. Ukanda huu wa Ziwa Viktoria una radi nyingi kweli, na stima ikipotea hurudi kwa kishindo, kwa hiyo chomoa kabati mawingu yakifunga.

Kipokea sarafu nacho kinataka neno lake. Vile vinavyofundishwa sarafu kwa kawaida hutumia volti 12, kwa hiyo kipe konekta ya umbo tofauti na nyingine zote, mtu asiweze kukichomeka kwenye nafasi ya kitufe hata akitaka. Kifundishe shilingi 10 mbili: ile mpya yenye simba iliyoanza kutolewa Desemba 2018, na ya zamani ambayo bado iko mifukoni mwa watu. Ukifundisha moja, wateja wa nyingine watadhani mashine imekula pesa zao.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake katika uchaguzi. Nakuru wakati wa kiangazi vumbi huingia kila mahali, na konekta ya kuchomeka pembeni mwa bodi, kama ya JAMMA, hupoteza mguso taratibu. Isafishe kwa spiriti na kifutio cheupe. Kisumu ni unyevu, na usiku wa nzi wa ziwa taa ya kabati inawaita kwa maelfu. Tundika wavu laini kwenye matundu ya hewa. Skrubu za enkoda hukazwa upya kila baada ya miezi michache, popote ulipo.

Kuna kundi moja ambalo kujisukia peke yake hakutalisaidia: wenye bodi za kale zinazotaka volti hasi 5 kwenye pini 5 na E. Pawa saplai za kompyuta za kisasa hazitoi tena volti hiyo. Bodi nyingi hazitaijua tofauti, lakini zile zinazoihitaji mara nyingi hukosa sauti. Tafuta pawa saplai ya kabati la gemu yenyewe. Na spika usiifunge kwenye graundi ya kawaida: pini 10 na L ziende kwenye spika peke yake, kwa sababu kwenye bodi nyingi upande hasi wa spika si graundi, na ukiuunganisha nayo unaweza kuunguza kikuza sauti.

Fungu likishakamilika, liwe la dukani au la mikono yako, lipime bila bodi kwanza. Weka mita kwenye mlio, gusa pini ya graundi na pini ya kila kitufe kwa zamu huku mwenzako akibofya. Mlio uje kwenye kitufe kinachobofywa tu. Kisha hakikisha hakuna mlio kati ya volti 5 na graundi, wala kati ya volti 12 na volti 5. Washa stima bodi ikiwa bado mezani. Pini 3, 4, C na D zisome 5, na pini 6 na F zisome 12. Zikisoma kinyume, zima, badilisha, pima tena, ndipo uingize bodi.